Kijiji Kilichojengwa Juu ya Samadi

Mfugaji wa Kiambu, Rungwe au Machame akikupeleka zizini kukuonyesha ng'ombe wake wa mabaka meusi na meupe, atakwambia kwa fahari: huyu Friziani. Jina hilo ni la nchi. Friesland ni jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, nchi tambarare ya majani, mifereji na upepo, yenye watu wasiofika laki saba na lugha yao wenyewe, Kifrisia, iliyo jamaa wa karibu wa Kiingereza. Nimesoma habari za jimbo hilo kwa muda mrefu, na kila mara narudi kwenye kijiji kimoja kidogo. Waholanzi hukiita Wieuwerd. Wenyeji hukiita Wiuwert. Watu wake ni kama mia mbili. Kina kanisa la zama za kati, mashamba ya ng'ombe, na barabara nyembamba zinazokutana kwenye kilima kilichoinuka kidogo tu juu ya malisho.

Wanaokijua Wieuwerd wanakijua kwa maiti. Chini ya kanisa lake mna chumba chenye miili minne ya watu waliokufa zaidi ya miaka 300 iliyopita, ambayo haikuoza. Watalii huja, hutazama, hutikisa vichwa, huondoka. Kwa maoni yangu wanaondoka wakiwa wameona dogo na kuliacha kubwa, kwa maana kubwa la Wieuwerd ni hicho kilima walichokikanyaga wakielekea kanisani, pamoja na watu waliopata kuishi juu yake.

Kabla ya ukuta

Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa bamvua ni nini. Anajua maji yakijaa yanafika wapi na yakipwa yanaacha nini. Bahari ya Wadden, inayopakana na Friesland kwa upande wa kaskazini, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama yetu, na ikipwa huacha tope la kijivu lisilo na mwisho. Tofauti ni kwamba ardhi ya huko haina mwamba wala mwinuko wa kuisimamisha bahari. Miaka 2,500 iliyopita hapakuwa na ukuta wowote. Nyuma ya tope ilikuwepo mbuga pana ya majani yanayostahimili chumvi, malisho mazuri kweli kweli wakati wa joto. Dhoruba za majira ya baridi zilipokuja, mbuga yote iligeuka bahari.

Waliohamia huko walifuata majani hayo. Na kwa kuwa mtu hawezi kulala mahali panapofunikwa na maji, waliinua ardhi yenyewe. Walikata mabonge ya udongo yaliyoshikana kwa mizizi, wakayapanga kama matofali, wakaongeza samadi, majivu na taka za nyumbani. Juu yake wakasimamisha nyumba ndefu ya nguzo na fito, ng'ombe upande mmoja na watu upande wa pili, chini ya paa moja. Nyumba ikichakaa, mabaki yake yalisawazishwa na nyingine ikajengwa papo hapo. Kila kizazi kilikabidhi kilima kirefu zaidi kuliko kilivyokipokea. Baada ya karne kadhaa vilima vya majirani vikakutana, vikawa kimoja, na hapo kijiji kikazaliwa.

Kilima cha namna hiyo huitwa terp, na neno hilo zamani lilikuwa na maana ya kijiji chenyewe. Kwa watu hao kijiji na kilima vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu bila kilima hakuna kijiji. Majina ya mahali bado yanasimulia jambo hilo: werd au wert mwishoni mwa jina, kama katika Wieuwerd au Jorwert iliyo jirani, ni neno jingine la kilima cha makazi. Friesland na jimbo jirani la Groningen zimehesabiwa terp zaidi ya elfu moja.

Plinius Mkubwa, Mrumi aliyefika pande hizo na jeshi katika karne ya kwanza, alituachia maelezo ya majirani wa Wafrisia, Wachauki, waliokaa kwenye vilima kama hivyo. Aliwafananisha na mabaharia maji yakijaa, na watu waliovunjikiwa na chombo maji yakipwa. Aliwaona ni watu duni wasio na mifugo, wanaokausha tope kwa upepo ili walipikie chakula. Plinius alikuwa mwandishi hodari, lakini hapa aliteleza. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta ndani ya vilima vya pwani hiyo mifupa ya ng'ombe na kondoo kwa wingi mno, na mazizi ndani ya nyumba zenyewe. Hawakuwa watu duni. Walikuwa wafugaji walioamua kwamba majani yale yanastahili tabu ile.

Kuta za udongo za kuzuia bahari zilianza kujengwa karibu na karne ya 11. Mashariki mwa Wieuwerd palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani kabisa, Middelzee, uliokata Friesland katikati. Ukajaa tope polepole, watu wakausaidia kwa kuta, na leo mahali ambapo jahazi zilipita ng'ombe wanakula majani. Kilima kikabaki bila kazi yake ya kwanza. Lakini kanisa lilikuwa limekwisha kujengwa juu yake, na wafu walikuwa wamezikwa kulizunguka.

Dhahabu ndani ya shehena ya mbolea

Mwaka 1866 udongo wa terp ya Wieuwerd ulikuwa unachimbwa na kuuzwa. Hilo linahitaji maelezo. Kilima kilichojengwa kwa samadi, mifupa na majivu kwa zaidi ya miaka elfu moja ni hazina ya rutuba. Kuanzia katikati ya karne ya 19 wakulima wa ardhi dhaifu za mchanga na mboji walikuwa tayari kuulipia udongo huo, na wenye vilima walikuwa tayari kuuza. Mifereji ilichimbwa hadi kwenye miguu ya terp, mashua zikaja kupakia, na vibarua wenye sepeto wakaanza kukata kilima kama mtu anavyokata mkate. Biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Hogebeintum, ambayo ni terp ndefu kuliko zote, ina urefu wa mita 8.8 juu ya usawa wa bahari. Huko walichimba mpaka kwenye kingo za makaburi, na kanisa likabaki limesimama kwenye ukingo kama mtu aliyeondolewa ngazi.

Katika udongo wa Wieuwerd wachimbaji wakakutana na dhahabu: sarafu zilizogeuzwa vidani, pete na mapambo mengine. Mtu fulani alikuwa ameifukia katika karne ya 7, wakati Wafrisia walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa Bahari ya Kaskazini, kiasi kwamba bahari hiyo yenyewe ilipewa jina lao. Hakurudi kuichukua. Leo hazina hiyo imo katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Mambo ya Kale, mjini Leiden.

Dhahabu ilionekana kwa kuwa inang'aa. Kila nikisoma habari hizi nafikiria yale yasiyong'aa: vyungu vilivyovunjika, vitana vya mfupa, misingi ya nyumba, tabaka juu ya tabaka la maisha ya watu, yaliyopakiwa mashuani na kumwagwa katika mashamba ya mbali kabla mtaalamu yeyote hajayaona. Sina moyo wa kuwalaumu vibarua. Walikuwa maskini na sepeto ndiyo iliyowalisha. Wenye ardhi nawalaumu. Walirithi kitu ambacho vizazi arobaini au zaidi vilikijenga, wakakiuza kwa mashua.

Walioshirikiana kila kitu

Mwaka 1675 Wieuwerd ilipokea wageni ambao hakuna kijiji cha jirani kilichopata kuwaona mfano wao. Walikuwa Walabadi, wafuasi wa Jean de Labadie, Mfaransa aliyeanza maisha akiwa Mjesuiti, akageuka mchungaji wa Kiprotestanti, akagombana na karibu kila kanisa lililompa mimbari. Alihubiri kwamba kanisa la kweli ni la waliozaliwa upya tu, na kwamba hao wanapaswa kuishi pamoja na kuweka mali zao pamoja kama Wakristo wa mwanzo. Alifukuzwa Middelburg, akaenda Amsterdam, kisha Herford na Altona katika nchi za Wajerumani, ambako alifariki mwaka 1674. Waliobaki walihitaji mahali pa kukaa. Dada watatu wa ukoo wa van Aerssen van Sommelsdijck, waumini wa kundi hilo, walikuwa na jumba la Waltha lililozungukwa na miti pembeni mwa Wieuwerd. Wakalitoa.

Kundi likakua mpaka likawa mamia. Walivaa mavazi ya kawaida yasiyo na urembo, walikula pamoja, walifanya kazi kwa mikono. Walifuma nguo, walitengeneza sabuni, walikuwa na mtambo wa kuchapia vitabu. Chini ya uongozi wa Pierre Yvon, kila aliyejiunga alikabidhi mali yake. Habari zao zilienea. William Penn, ambaye baadaye alianzisha koloni la Pennsylvania, alikuja mwaka 1677 kuzungumza nao. Mwanafalsafa John Locke alikuja mwaka 1684 na kuandika aliyoyaona katika daftari lake. Kijiji ambacho mpaka leo huwezi kukipata katika ramani nyingi kilitembelewa na watu hao wawili ndani ya miaka saba.

Mtu aliyewavuta wageni kuliko viongozi wenyewe alikuwa mwanamke mzee, Anna Maria van Schurman. Alizaliwa Cologne mwaka 1607, akakulia Utrecht. Chuo kikuu cha Utrecht kilipofunguliwa mwaka 1636 aliombwa atunge shairi la Kilatini la sherehe, naye ndani ya shairi hilohilo akalalamika kwamba wanawake wamefungiwa nje. Wakamruhusu kuhudhuria, ila akae ndani ya kijichumba kilichozibwa ili wanafunzi wa kiume wasimwone. Alisoma Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kiarabu, Kisiria. Alisoma pia Kigeezi, lugha ya kanisa la Ethiopia, na akaiandikia sarufi, wakati ambapo wasomi wa Ulaya walioijua lugha hiyo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Sarufi hiyo haikusalia. Mwaka 1641 kilitoka kitabu chake kinachotetea haki ya mwanamke Mkristo kusoma elimu ya juu.

Mwanamke huyo, aliyesifiwa na wasomi wa Ulaya nzima, aliyaacha yote akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini ili aishi na Walabadi. Marafiki zake walishtuka. Wengine walimkatia tamaa. Yeye aliandika kitabu kingine, Eukleria, kueleza kwa nini amechagua fungu lililo jema. Alifariki Wieuwerd mwaka 1678 na kuzikwa huko. Ninapoulizwa ni nani mtu mkubwa kuliko wote aliyelala katika udongo wa kijiji hicho, jibu langu ni yeye, na wala hayumo miongoni mwa ile miili minne iliyo chini ya kanisa.

Alikuwepo pia Hendrik van Deventer, kijana aliyejifunza utabibu ndani ya kundi hilo. Alishughulika sana na matege na mifupa iliyopinda, na kutokana na mifupa hiyo akaelewa jambo ambalo wakunga walikuwa wakiliona bila kulieleza: kwamba umbo la nyonga ya mama ndilo linaloamua kama mtoto atapita salama. Baada ya kuondoka Wieuwerd alichapisha, mwaka 1701, kitabu cha ukunga kilichotafsiriwa katika lugha kadhaa.

Chura, kipepeo na mtumwa

Miaka michache baada ya kifo cha van Schurman, katikati ya miaka ya 1680, aliwasili mwanamke mwingine. Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt mwaka 1647 katika ukoo wa wachapaji na wachongaji wa picha. Tangu utotoni alifuga viwavi na kuchora jinsi wanavyogeuka. Alifika Wieuwerd na mama yake na mabinti zake wawili, akimfuata kaka yake wa baba mmoja aliyekuwa amejiunga zamani. Mumewe alimfuata mpaka lango la Waltha kumwomba arudi nyumbani. Alikataa.

Kwa kundi lililodharau mambo ya dunia, kufuga viwavi hakukuwa kazi ya maana. Hata hivyo hakuacha. Mifereji ya Friesland imejaa vyura, naye akawachunguza: alimpasua chura jike akaona mayai, akafuata mayai hayo mpaka yakawa viluwiluwi, na viluwiluwi mpaka vikaota miguu. Mama yake alifariki mwaka 1690, na mwaka uliofuata Merian akahamia Amsterdam na mabinti zake. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda meli kwenda Suriname, Amerika ya Kusini, na binti yake mdogo, kuchora wadudu. Kitabu alichokitoa mwaka 1705, chenye picha 60 za wadudu wa Suriname pamoja na mimea wanayoila, bado ni miongoni mwa vitabu vizuri kuliko vyote vilivyopata kuandikwa juu ya viumbe.

Kwa nini Suriname? Hapa ndipo historia ya Wieuwerd inapokuwa chungu. Cornelis van Aerssen van Sommelsdijck, kaka wa wale dada wenye jumba, aliteuliwa kuwa gavana wa Suriname mwaka 1683. Walabadi wakaona mlango umefunguliwa. Wakatuma watu wao kuanzisha shamba kubwa ndani ya msitu, juu ya mto Suriname, wakaliita Providence, yaani riziki ya Mungu. Homa na njaa ziliwamaliza. Kundi jingine lilitumwa Marekani, kwenye ardhi iitwayo Bohemia Manor huko Maryland. Kaskazini na kusini, watu ambao Wieuwerd walishirikiana sabuni na mkate waliwamiliki watumwa wa Kiafrika. Jasper Danckaerts, mmoja wa wajumbe wawili waliotangulia Marekani kutafuta ardhi mwaka 1679, alikuwa na maneno makali juu ya kilimo cha tumbaku aliyoiona huko. Mwenzake Peter Sluyter akaishia kuwa mkulima wa tumbaku mwenye watumwa.

Nimejaribu kuwaelewa na nimeshindwa. Huwezi kumwambia jirani yako kwamba hakuna cha "changu" mbele ya Mungu, kisha ukaandika jina la binadamu katika daftari la mali. Wapo wanaosema ndivyo zama zao zilivyokuwa. Lakini hawa walijitenga na zama zao kwa kila kitu kingine: mavazi, ndoa, fedha, kanisa. Kwa hili peke yake hawakujitenga.

Merian mwenyewe alihudumiwa na watumwa Suriname, na hilo halifichiki katika kitabu chake. Ila aliandika pia jambo ambalo wanaume wa sayansi wa wakati ule walilipita kimya. Alipochora mti mdogo wa maua mekundu na manjano, ambao kwetu hupandwa mabustanini na ni jamaa wa mkrismasi, alieleza kwamba Wahindi Wekundu waliotumikishwa na Waholanzi walitumia mbegu zake kuharibu mimba ili watoto wao wasiwe watumwa, na kwamba wanawake watumwa waliotoka Guinea na Angola nao walikataa kuzaa utumwani. Alisema amesikia hayo kutoka vinywani mwao wenyewe. Ni ushahidi mfupi, nao ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa uliochapishwa Ulaya wa sauti ya mwanamke Mwafrika aliye utumwani.

Huko Wieuwerd, ushirika wa mali ulivunjwa katika miaka ya 1690. Yvon alifariki mwaka 1707, na kundi likapungua mpaka likaisha. Jumba la Waltha halipo tena.

Chumba cha chini

Sasa hao maiti. Chumba kilichomo chini ya kanisa kilijengwa katika karne ya 17 kwa ajili ya maziko ya wakubwa wa mahali hapo. Kikasahaulika. Mwaka 1765 mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa walikifungua na kukuta majeneza 11, na ndani yake miili imekauka, ngozi imeshika mifupa, haina harufu. Miili kadhaa ilitoweka katika miaka iliyofuata; inasimuliwa kwamba wanafunzi wa chuo kikuu cha Franeker, kilichokuwa karibu, walijichukulia. Imebaki minne. Ili kuthibitisha kwamba chumba hicho kina tabia yake, watu walining'iniza humo ndege waliokufa, nao wakakauka vilevile. Ndege hao wananing'inia mpaka leo. Wengine hutaja hewa inayopita kwenye matundu, wengine gesi inayotoka ardhini. Hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka neno mumiani, lililowatia hofu bibi na babu zetu wa pwani walipowaonya watoto wasitembee usiku. Neno hilo na neno la Wazungu la maiti iliyokaushwa yana shina moja, la Kiajemi, lenye kuhusiana na nta. Na katika karne ileile ambayo watu wa Wieuwerd walilazwa humo chini, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za Misri kama tiba. Hofu ya bibi zetu haikutoka hewani.

Ng'ombe na watu

Friziani wetu, je? Katika karne ya 18 sotoka ilipiga Friesland mara kadhaa, ugonjwa uleule uliokuja kuangamiza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Kabla ya hapo ng'ombe wengi wa Friesland walikuwa wa mabaka mekundu. Wafugaji walioanza upya walinunua ng'ombe kutoka kaskazini, Denmark na pwani ya Ujerumani, na rangi nyeusi na nyeupe ikatawala. Daftari la ukoo wa ng'ombe wa Friesland lilifunguliwa mwaka 1879, na mwaka 1886 wafugaji wa kijiji cha Warga wakaanzisha kiwanda cha kwanza cha ushirika cha maziwa nchini Uholanzi. Vijiji vingine vikafuata. Kutoka huko mbegu ya ng'ombe hao ilisambaa duniani, na walowezi wakawaleta Kenya.

Ng'ombe hao walikijaza kijiji watu, kwa maana kukamua kulihitaji mikono. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine ya kukamua ikachukua kazi ya mikono hiyo, viwanda vidogo vikaunganishwa, maduka yakafungwa, vijana wakaenda mjini. Mwandishi Geert Mak aliishi Jorwert, jirani kabisa na Wieuwerd, na mwaka 1996 akachapisha kitabu juu ya jinsi kijiji hicho kilivyobadilika katika miaka hamsini. Kikasomwa mno, kwa sababu kila Mholanzi mwenye asili ya shamba alikiona kijiji chake ndani yake. Hao hao wa Jorwert, mnara wa kanisa lao ulipoanguka mwaka 1951, walianza kuigiza tamthilia kwa Kifrisia bustanini ili wachange fedha za kuujenga. Mnara umesimama siku nyingi. Tamthilia zinaendelea kila mwaka.

Lugha nayo ilipiganiwa. Tarehe 16 Novemba 1951, polisi wa Leeuwarden waliupiga kwa virungu umati uliokusanyika nje ya mahakama, katika kesi iliyozuka kwa sababu hakimu alikataa Kifrisia kitumike mbele yake. Wafrisia huiita Ijumaa ya virungu. Serikali ilishtuka, na Kifrisia kikapata nafasi mahakamani, kisha shuleni, ambako tangu mwaka 1980 ni somo la lazima katika shule za msingi za jimbo. Ndiyo maana kibao cha barabarani kimeandikwa Wiuwert. Wilaya yake iliunganishwa na nyingine mwaka 1984 na kugawanywa mwaka 2018, lakini jina limebaki.

Kama safari itakufikisha Friesland, panda treni ya Leeuwarden kwenda Sneek, shuka Mantgum, azima baiskeli. Kipindi cha joto chumba cha chini hufunguliwa. Ingia, uwape wafu heshima yao, usikae sana. Kisha toka nje uzunguke kilima chote kwa miguu, mpaka upande ule uliochimbwa na kuuzwa. Hapo utauona unene wa kazi ya watu ambao hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao.